Sauti Isiyopigwa Pasi

Kompyuta mpya haina adabu. Unaitoa kwenye boksi kwa mikono miwili, unaifutia meza, unaichomeka kwenye umeme, nayo jambo la kwanza inakuuliza wewe ni nani. Nyaya aliulizwa hivyo asubuhi nzima. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya nyaya zilizotapakaa studioni kwake, chumba kimoja nyuma ya nyumba, kuta zimevikwa magodoro chakavu ili sauti isirudi. Alirekodi kwaya, matangazo ya maduka na vijana wenye ndoto kubwa. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekata roho kwa harufu ya plastiki iliyoungua, na tangu hapo hakuwa na raha.

Programu kubwa ya kurekodia ilikubali kuingia baada ya kumsumbua kwa nywila ambayo alikuwa ameibadilisha ili asiisahau, akaisahau. Kisha kisanduku cha maikrofoni kikagoma kutambuliwa, kikachomolewa, kikachomekwa tena, mara tundu hili, mara lile. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomtoa jasho jembamba ni Pasi.

Pasi ni jina alilolibuni mwenyewe. Ilikuwa programu ndogo inayokaa ndani ya ile kubwa, na kazi yake ni kunyoosha sauti: mwimbaji akishuka, inampandisha; akipitiliza, inamrudisha. Sasa ilimwambia kwamba leseni yake inatumika kwenye kompyuta nyingine, na kwamba kompyuta hiyo sharti iiachie kwanza. Nyaya akaitazama ile maiti chini ya meza. "Haya, amka uiachie basi," akaiambia. Akawaandikia wenye programu. Wakamjibu papo hapo, kwa maneno matamu, kwamba wamefurahi sana kupata ujumbe wake na watamjibu.

Angeweza kusubiri, lau si mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa msusi, mwenye saluni pale njia panda, mwanamke wa vicheko na mikono myepesi, aliyependa kuimba kuliko kula. Nyaya alipomchumbia binti yake, nyumba ile haikumtaka. Walisema hana kazi, ana makelele. Ni mama huyu aliyekuja studio siku moja, kwa mzaha tu, akaomba arekodiwe. Aliimba kwa moyo wote, na sauti ikawa inateleza kama ndala kwenye tope. Nyaya hakusema kitu. Mama alipoondoka, aliipiga pasi ile sauti mstari kwa mstari, na mama alipokuja kuisikiliza, alilia. Tangu hapo Nyaya akawa mkwe wa kutajwa, mkwe wa kutengewa kiti. Wimbo ukafuata wimbo, na kila mmoja ukapigwa pasi, na saluni nzima ikasikiliza na kusifia. Hakuna aliyeambiwa, hata mkewe. Mwanzoni Nyaya aliita jambo hilo heshima. Baadaye hakuliita chochote, aliogopa tu.

Sasa binti mdogo wa mama alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alikuwa ameamua kumwimbia bibi harusi mwenyewe, ukumbini, mbele ya ukoo wa upande wa pili. "Unaonaje mwanangu, nitaweza?" alimwuliza. Nyaya alitazama pembeni. "Wewe tena, mama? Utawaliza." Alimvika kilemba cha ukoka, na alijua anamvika. Mpango wake ulikuwa kwamba siku hiyo ataupiga wimbo ulionyooshwa kwenye spika, maikrofoni ya mama aizime kimyakimya, na mambo yaende. Ndiyo maana bila Pasi maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mchana mama akaingia na shoga yake, muuza viatu wa jirani na saluni.

"Mwanangu, nimemleta huyu auonje wimbo wa harusi."

"Bado, mama. Mashine mpya hii, inanisumbua."

"Tutasubiri. Nimemwacha mteja na rola kichwani, hakimbilii popote."

Nyaya alikuwa amekwisha kuufungua wimbo wenyewe, aliokuwa ameurekodi kabla kompyuta ya zamani haijafa na kuuhifadhi kwenye diski ya akiba, ili akague ala. Kompyuta ilimwonya kwamba baadhi ya programu, Pasi ikiwamo, hazikupatikana, je, aendelee? Akabonyeza endelea. Mara simu yake ikaita, mwenye ukumbi anataka kujua habari za spika, naye akatoka kwenye korido kumjibu. Mama alikuwa amekwisha kumwona mara nyingi akibonyeza kile kitufe kirefu cha chini ili wimbo uanze. Akakibonyeza.

Nyaya aliisikia simu ikiwa bado sikioni. Kinanda kilianza vizuri. Kisha sauti ikaingia, chini ya mahali pake, ikapapasa, ikapita juu, ikarudi, ikakosa mlango. "Nitakupigia," akamwambia mwenye ukumbi. Alitakiwa aingie ndani. Hakuingia. Alisimama nyuma ya mlango, mtu mzima na ndevu zake, ameshika kitasa kama mtoto aliyevunja kikombe. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na bado hakuingia.

"Huyu nani tena?" Muuza viatu alikuwa anacheka. "Mkweo siku hizi anarekodi walevi?"

Kinanda kikaendelea kidogo.

"Ni mimi," mama akasema.

Muuza viatu akakumbuka kwamba dukani kwake hakuna mtu. Alimpita Nyaya kwenye korido bila kumtazama usoni.

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono juu ya mapaja. "Mashine mpya imeiharibu, sivyo?" akauliza. Alikuwa anampa njia ya kutokea, na uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo, ma..." Nyaya alianza. Akamtazama, akashindwa. "Hapana, mama. Haijaharibika. Hiyo ndiyo sauti yako. Zile nyingine nilikuwa nazinyoosha."

"Zote?"

"Zote."

"Na ule wa kwanza? Ule niliolia?"

"Huo zaidi."

"Kumbe wateja wangu wanasifia kompyuta," mama akasema, na hakucheka. "Na Jumamosi ulitaka nisimame tu hivyohivyo mbele za watu?"

Nyaya akamweleza habari ya kuizima maikrofoni. Aliisema akitazama sakafu, maana ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, na ilipotoka mdomoni ilisikika mbaya zaidi.

"Ungenizima," mama akasema. "Mbele ya mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Mteja akija kwangu nywele zimekatika, namwambia zimekatika. Ananuna, lakini anarudi." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Wewe ulidhani ukiniambia sitarudi?"

Ndivyo hasa alivyodhani, siku zote hizo.

Mlangoni mama akageuka. "Kesho njoo saluni. Mashine yako iache hapahapa."

Asubuhi yake ujumbe ukaingia: leseni imeachiliwa, karibu tena. Pasi ikakaa mahali pake bila ubishi wowote. Nyaya akaitazama, akazima kompyuta, akaenda njia panda akiburuta miguu.

Saluni ilikuwa imejaa. Spika ya ukutani, iliyozoea kuimba kutwa, ilikuwa kimya, na muuza viatu alikuwa amekaa kwenye benchi akijifanya anasoma simu. Mama alikuwa anamsuka mteja na hakuinua kichwa.

"Jumamosi nitaimba," akasema. "Na wewe utasimama kando yangu uimbe. Nikipotea, unirudishe. Si ndiyo kazi yako?"

"Mama, mimi siimbi. Mimi nabonyeza tu."

"Najua. Anza."

Nyaya akawatazama wale wanawake, nao wakamtazama. Akajikohoza. Sauti yake, ambayo hakuwahi kuiweka mbele ya mtu yeyote, ikatoka nyembamba, ikatetemeka, ikashuka kabla mstari haujaisha. Mwanamke aliyekuwa chini ya draya akajiziba mdomo kwa taulo. Nyaya alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama hakucheka. Aliacha kusuka, akamtazama machoni.

"Hapo umeshuka, mwanangu," akasema. "Rudia."