Ngoma ya Wanawake Wenye Mikuki

Enzi za Mdachi, mume wangu alipoletwa kutoka Mombasa kwa Mwingereza kuja kutandika reli, tuliishi Dodoma katika mahema ya vibarua wageni. Kwetu ngoma ya barabarani ni furaha. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoona wanawake wa Kigogo wamejaa njia nzima, wamevaa nguo za waume zao, mikuki mikononi, nilidhani ni arusi. Nilitaka kuwatukana. Mwanangu niliyembeba mgongoni alikuwa anawaka homa, hata maziwa hayapiti kooni, na hawa wanacheza!

Nikamshika mkono mama aliyezoea kutuuzia maziwa. "Mama, mnashangilia nini?"

"Hatushangilii, mwanangu. Watoto wanakufa. Tunautoa ugonjwa kwa vijiti hivi, tukautupe nje ya mpaka wetu."

Nikajitosa kati yao. Wimbo siujui, nikapiga kelele tu. Nilisukumwa, nikakanyagwa, nikang'ang'ania kwenda nao ili homa ya mwanangu itoke pamoja na ya watoto wao. Kwa vumbi lile hata sikuona tunakoelekea. Mara wakapaza sauti kwa pamoja, wakatupa vijiti walivyobeba, wakageuka kurudi makwao bila kutazama nyuma.

Mimi nikabaki nimesimama. Vumbi lilipotulia ndipo nikaona: mpaka wao uliishia kwenye kambi yetu, na vile vijiti vilikuwa vimelala mlangoni pa hema langu.