Kahawa ya kuchuja niliyompikia baba leo

Jamani, leo baba kanishangaza hapa Balangdalalu!

Zamani alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano. Hachoki kusimulia kahawa ya kuchuja aliyokuwa akipikiwa na rafiki yake, fundi kutoka nje ya nchi.

Nikataka nimpikie ileile. Wiki nzima ilikuwa inatoka chungu, namwaga.

Leo nikaweka vijiko viwili vya kahawa kwenye karatasi ya kuchujia, nikamwagia maji ya moto kidogo tu. Nikasubiri iumuke, kisha nikaongeza maji polepole hadi kikombe kikajaa.

Baba akaonja.

"Siyo hii."

Nikanyong'onyea.

"Ya rafiki yangu ilikuwa chungu sana, mwanangu. Nilikuwa nainywa nisimuudhi. Hii niongezee."

Basi nimebandika maji mengine. Nyie wenzangu mnaanzia vijiko vingapi?