Firigisi ya Baba

Asali ikianza kuchemka pamoja na pilipili iliyopondwa, harufu yake haibishi hodi. Inakushika koo, inakutoa machozi, halafu inakuomba msamaha kwa utamu. Jana jioni nilikaanga kuku namna hiyo kwenye chumba changu hapa Malili, paja moja tu, maana mlaji ni mmoja. Nikapiga chafya mpaka mabati yakatikisika, na ploti nzima ya wapangaji hakuna aliyeuliza kunapikwa nini.

Kwetu Kanyangi wangeuliza. Mama alikuwa akipika kuku huyo kila Krismasi, na ninaapa harufu ilikuwa ikivuka mto na kusumbua watu wa Makueni. Kwanza alimchemsha kwa tangawizi na chumvi, kwa sababu jogoo wetu walikuwa wagumu. Wengine nadhani walizaliwa kabla yangu. Kisha alikaanga vipande mpaka vikawa vya kahawia, akamwaga mafuta, akatia asali, pilipili na ndimu kwenye sufuria ileile, akavigeuzageuza hadi vikang'aa. Mimi na ndugu yangu Kyalo tulikaa tukimeza mate kama watu waliofunga mwaka mzima.

Lakini firigisi haikuwa yetu. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba, yaani baba, alikuwa Malili, alikokwenda kutafuta kazi ya mjengo nikiwa darasa la pili. Kila Krismasi Susu, mama yake baba, aliuliza kutoka kwenye kigoda chake:

"Mama Mwende, ya baba Mwende umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Ilifunikwa kwa bakuli, ikangoja. Mama aliipasha moto kila jioni isiharibike, mpaka ikakauka ikawa jiwe la kuvunja dirisha. Hatimaye paka aliipata, na hata yeye alitafuna akitulaumu.

Mwaka nilioingia darasa la sita, baba hakuwa amekanyaga nyumbani tangu aondoke. Mama alipika kama kawaida, akatugawia. Susu akauliza swali lake. Mama aliichukua firigisi ikimetameta asali, akaipuliza, akaing'ata.

Kyalo aliacha kutafuna. "Mama, hiyo ni ya baba."

"Kula bawa lako, Kyalo."

"Na akija leo?"

"Atakuta sisi."

Sote tulimgeukia Susu. Nilitegemea mbingu zianguke, kwa sababu sijawahi kusikia mwanamke wa kwetu akila firigisi mbele ya mama mkwe wake. Susu alisukuma ukuni ndani ya moto. Kisha akasema polepole, "Pilipili imezidi. Ongeza ndimu kidogo."

Mama akakamua ndimu. Zilisikika nyimbo za mkesha kutoka kanisani.

Nilimkasirikia mama sana. Nilidhani ni njaa, au ulafi. Nilihofia baba akifika na kukuta bakuli tupu atageuza na kurudi alikotoka, kwa hivyo nikaficha nusu ya paja langu kwenye kikombe chini ya kitanda. Asubuhi nilikuta sisimizi wa kaunti nzima wamekuja Krismasi kwangu. Baba hakuja.

Wakati huo niliamini Malili iko ng'ambo ya bahari, mahali ambapo mtu hata akitaka kurudi hawezi. Sasa naishi hapa. Ukitoka asubuhi na mapema, chai ya saa nne unainywa Kanyangi, tena umekaa. Mara ya kwanza niliposafiri njia hiyo nilishuka gari nikasimama pale stendi na mzigo wangu, nimeduwaa kwa jinsi nilivyofika haraka. Mama alikuwa anajua umbali huo miaka yote, na kila jioni aliendelea kuwasha jiko na kuipasha moto firigisi ya baba.