Malimbuko ya Grâcia

Hata sasa nikikumbuka, masikio yananichoma. Binti yangu Grâcia, mwenye miaka saba, alichaguliwa kupigwa picha za makoti ya watoto katika studio moja ya Ixelles. Hapa Ubelgiji mtoto hafanyi kazi kama hiyo bila ruhusa ya serikali, na kuipata kulinitoa jasho. Ilipotoka, nikajiona nimemaliza. Mama wa studio alitukalisha wote wawili, akaanza kueleza habari za malipo. Mimi nilikuwa naitikia tu "d'accord, d'accord", yaani sawa, sawa, mawazo yakiwa kanisani, maana kwetu mshahara wa kwanza ni malimbuko, unakwenda kwa Mungu.

Jumapili, katika kanisa letu la Wakongo huko Molenbeek, nikasimama mbele na mtoto.

"Bandugu, mushahara ya kwanza ya Grâcia itanunua kinanda mupya ya chorale!"

Vigelegele vikalipuka. Mpiga kinanda wa kwaya yetu, Tonton Jules, akatoa machozi. Mchungaji akampa mtoto maikrofoni amshukuru Mungu.

"Papa pasteur," akasema Grâcia, "madame ya studio alituambia ile franga ya picha iko bloquée, imefungiwa ku banque, ku jina yangu. Hakuna muntu atagusa, hata papa, mpaka nifikishe miaka kumi na munane. Papa alisema d'accord."

Kanisa zima likanigeukia. Kisha Tonton Jules, mashavu bado yamelowa, akauliza kutoka nyuma ya kinanda chake kibovu:

"Papa Grâcia, donc tungoje miaka kumi na moja?"