Mtoto Aliyefunikwa Gubigubi

Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, na likizo ya Agosti ilipofika mgongo wangu ulikoma kuwa wangu. Mama alikwenda Migori kuuza omena, dagaa wa ziwani, na mdogo wangu Okoth, ambaye hakuwa ameweza hata kukaa, alifungwa mgongoni kwangu kwa leso. Nilifagia naye, nikachota maji naye, nikaosha sufuria naye. Wenzangu waliruka kamba. Mimi nilisimama kando nikiyumbayumba ili asilie.

Uzito wake ningeuvumilia. Kilichonichosha ni sheria ya Dani. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, na hapo Muhuru Bay tulikaa kwake. Mama alikuwa akinifunga Okoth juu, shavu lake likiegemea katikati ya mabega yangu, uso umegeukia kando, nikisikia pumzi yake shingoni. "Ukiacha kuisikia, mfungue," aliniambia. Lakini Mama akishaondoka tu, Dani alimfungua, akamfunga upya chini karibu na kiuno, kisha akachukua leso ya pili na kumfunika gubigubi, kichwa na vyote.

"Dani, anatoka jasho."

"Jasho tutalipangusa. Jicho utalipangusa na nini?"

Jicho lenyewe lilikuwa la Mama Risper, mjane aliyeanika omena kwenye wavu uliopakana na wetu. Watu walisema ana sihoho, lile jicho ambalo likimtua mtoto, tumbo lake huvurugika mpaka afe. Ushahidi wao ni kwamba aliwahi kusifu mashavu ya mtoto wa jirani, na mtoto akaugua. Mimi nilimwona ni mama tu anayeimba akigeuza samaki wake. Hata hivyo nilifundishwa kwamba nikipita karibu naye nimgeuzie kifua, nisimwonyeshe mgongo.

Mama alijaribu kubishana. Nilimsikia jikoni akisema, "Mama, mtoto anahitaji hewa." Dani akamjibu kwa sauti ya chini kwamba yeye alimzika mwanawe wa kwanza, mzima asubuhi, maiti kesho yake, baada ya mgeni kumtazama akinyonya. "Wewe umezika nani?"

Siku yenyewe jua lilichoma tangu mapema, kisha mawingu meusi yakapanda ghafla kutoka ziwani. Omena iliyokauka ikinyeshewa inaharibika, kwa hiyo ufuo mzima ulikuwa mbio. Niliinama, nikazoa, nikainuka, nikainama tena, na kila nilipoinama leso iliteleza chini zaidi. Okoth alilia, akalia, kisha akanyamaza.

"Afadhali amelala," Dani alisema, akaondoka na gunia kichwani kuelekea nyumbani.

Mama Risper aliacha wavu wake. "Wewe msichana, huyo mtoto mbona amejikunja hivyo?"

Nikamgeuzia kifua, kama nilivyofundishwa. Akazunguka upande wa pili. Nikageuka tena.

"Acha kuzunguka! Mtoto hapumui vizuri!"

Akanishika bega, akafungua fundo. Okoth alitoka amelegea, kidevu kimezama kifuani, nywele zimelowa, midomo imekuwa rangi ya jivu. Mama Risper alimlaza kwenye mkono wake, akamwinua kidevu, akampulizia usoni, akamsugua mgongo kwa nguvu huku akimwita, "Kijana! Kijana, amka!" Sijui ilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni matone ya mvua yakiangukia omena yake, na hakuna aliyekuwa akiizoa. Kisha Okoth akavuta pumzi moja yenye mkwaruzo, akalia.

Ndipo Dani akarudi. Alichokiona ni mjukuu wake, uso wazi, akilia mikononi mwa Mama Risper.

"Umemtazama!" Alimnyakua. "Umemtazama mtoto wangu!"

Watu wakaja mbio. Nikasema kwamba alikuwa ameshalegea, kwamba ni Mama Risper aliyemwamsha. Nikasema tena kwa kupiga kelele. "Nyamaza," Dani alinikata. "Wewe ni mtoto, unajua nini?" Mwenye mashua mmoja akaongeza kwamba hata jicho likipita, mtoto kama mimi hawezi kuliona. Mama Risper alisimama kwenye mvua, mikono imening'inia. Hakujitetea. Nadhani alikuwa amejitetea vya kutosha miaka ya nyuma.

Jioni Okoth akaanza kuhara, na Dani hakuhitaji ushahidi mwingine. Kwenye zahanati muuguzi alisema mtoto amezidiwa na joto na kupungukiwa na maji mwilini. Akamwonyesha Dani jinsi ya kumfunga: juu, uso uonekane, kidevu kisibanwe kifuani. Dani aliitikia kwa heshima zote. Tulipotoka nje akaniambia, "Hao wanatibu kile wanachokiona," akamfunika tena.

Mama aliporudi nilimweleza, naye aliniamini. Tulikwenda ufuoni pamoja, Okoth akiwa mgongoni kwake. Mama Risper alikuwa amehamishia wavu wake mwisho kabisa, kwenye mawe, mahali wanunuzi hawafiki. Alipotuona aliinua mkono tusimame.

"Mtoto ni mzima?"

"Mzima. Nimekuja kukushukuru."

"Nimesikia, asante. Usimlete karibu. Akikohoa kesho watasema ni mimi."

Hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Alirudi kwao Takawiri, na sijamwona tena.

Okoth siku hizi ni fundi wa simu Homa Bay mjini, ana mke na binti mchanga. Kisa hiki anakisimulia vizuri kuniliko, ila anasimulia kile cha Dani: jinsi alivyotupiwa jicho, na nyanya akamwokoa. Nimemsahihisha mpaka nimechoka.

"Sista, wewe ulikuwa mtoto," aliniambia nilipowatembelea juzi.

"Na wewe ulikuwa nani? Chifu?"

Akacheka. Hucheka kila mara, na kila mara natamani kumtikisa.

Dani tumeshamzika. Ninamwelewa sasa kuliko zamani, hasa tangu nilipozaa. Mtu aliyempoteza mwanawe ghafla hivyo anataka kujua ni nani wa kumkwepa njiani, na joto la leso mbili hulikwepi kwa kubadilisha njia. Namwelewa, lakini hasira haijanitoka. Mwanamke mzima alifukuzwa ufuoni kwa kumwokoa mtoto, na aliyeokolewa ndiye anayeendeleza uvumi.

Siku hiyo ya juzi, mke wa Okoth, Adhiambo, alikuwa akijiandaa kwenda sokoni, mtoto amefunikwa kichwa na vyote. Nilimwomba nimfunge upya. Hakubisha. Aliuliza afanyeje leso ikilegea njiani, na atajuaje mtoto akichoka. Nilimweleza kama Mama alivyonieleza. Wakatoka, Okoth akiwa nyuma yao. Hawakufika hata langoni kabla hajanyoosha mkono na kuivuta leso kufunika kichwa cha binti yake. Adhiambo, bila kugeuka, akaishusha. Mbele kidogo Okoth akaivuta tena, naye akaishusha tena.

Nilisimama mlangoni mpaka wakakata kona. Leso ilikuwa chini, na mtoto alikuwa ametoa uso nje, akimkodolea macho kila mtu aliyepita.