Mgonjwa wa Behewa Letu

Harufu ya klorini hunirudisha kwenye treni iliyotutoa Mbeya, mama na mimi, kwenda kwa baba aliyekuwa akichimba shaba Zambia. Kipindupindu kilikuwa kinaenea nchi hadi nchi, na kabla ya kupanda tulinawishwa maji ya dawa mpaka viganja vikakauka.

Tulipokwisha kuvuka mpaka, dada mmoja Mzambia aliyekaa mbele yetu alianza kutapika na kuharisha. Watu wakajibanza mlangoni, wameziba pua kwa khanga.

"Ateremshwe stesheni inayofuata!" alisema mzee mmoja. "Huyu atatumaliza."

Mama akavua sweta lake, akamfunika yule dada. "Akiteremka, mzee wangu, mimi na mwanangu tunateremka naye."

Mzee akageukia dirisha. Mama akatia chumvi na sukari kwenye maji aliyoyachemsha nyumbani, akamnywesha kwa kijiko, kutwa nzima.

Tulipofika, yule dada alishuka kwa miguu yake, amemwegemea mama. Muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili akauliza, "Nani amemtunza huyu njiani?"

Mama aliinamisha macho. Nikajibu mimi, kwa sauti iliyosikika stesheni nzima: "Mama yangu!"