Nilimuachia mama wa ekipi yangu abebe kosa yangu

Jambo kwenu wote. Admin, tafazali jina yangu isionekane. Niko mama wa miaka quarante-neuf (49), naishi Saint-Gilles, huku Bruxelles, na batoto yangu batatu. Masomo yangu iliishia primaire kule Kivu, donc munisamehe maandiko. Niko chef wa banamama bane, tunasafisha mabiro, maofisi ya batu, karibu na Porte de Namur.

Kila mardi (jumanne) naangalia filme moja ya mapolisi kwa televizyo. Si juu ya bunduki, ni juu ya commissaire, mkubwa wao. Hapigi makelele. Bakubwa bakikuja na hasira, anasimama mbele ya batu yake anasema: «Ni mimi niliwatuma.» Mlango ikishafungwa, ndiyo anawakaripia, polepole, kama baba. Na anajua nani mama yake ni mgonjwa, nani hakulala. Miye nalia kabisa. Kwa kazi nilikuwa naambia banamama: «Chef ni vile!» Banacheka: «Bon, commissaire, leta basi sabuni!»

Mardi moja ilikuwa episode ya mwisho ya ile filme. Kwa kazi yetu chef ndiye anapita kufunga madirisha yote, mwingine anavuta tu mlango. Patron, mwenye kampuni, hajui ule mpango wetu. Nilikuwa nimefungua dirisha ya chumba ya madosye, makaratasi ya kazi, juu ya harufu ya javel ya kusafishia. Nikawaza tram isiniache nikose filme, nikasahau dirisha. Nikaambia Maman Neema (si jina yake) avute mlango, nikakimbia.

Mvua ikanyesha. Asubuyi madosye ilikuwa maji tupu. Patron akauliza: «Nani alitoka wa mwisho?»

Nikasema: «Maman Neema.»

Si uongo, munaona? Ndiyo maana inaniuma zaidi. Neema hakukasirika hata. Akanivuta pembeni: «Chef, labda ulinituma niangalie dirisha, miye nikasahau?» Miye nikaanza kupangusa maji. Patron akamusimamisha kazi siku ile ile.

Sasa ile filme banairudishia tangu mwanzo. Commissaire aliposimama mbele ya bakubwa yake, nikazima. Binti yangu akanicheka: «Eh maman, ule ni acteur, balimuandikia maneno!» Ni kweli, ye balimuandikia. Miye hakuna aliniandikia, na maneno yenyewe nilikuwa naijua kwa kichwa.

Jana Neema ametelefone. Jeudi (alhamisi) patron atamusikiliza mara ya mwisho. «Chef, twende pamoja. Nikisema miye, hawataamini. Wewe utanisemea.» Nikaitika: «Nitakuja, dada.» Alinishukuru mpaka nikakata telefone.

Bandugu, jeudi ni kesho kutwa. Nikisema ni miye, naweza fukuzwa, na batoto bananiangalia mikono. Nikinyamaza, Neema anapotea, naye iko na batoto bake bawili. Nishaurini, munitukane hata, nitasoma yote. Nikishaikaa pale pembeni yake, patron akiniuliza, nianze na neno gani?